Unavuta tela na unafuata ramani ya simu? Haya ndiyo mambo ambayo simu haiyajui

Msikilizaji, msimu wa kutoa mazao shambani ukifika, barabara zetu za Nyanda za Juu Kusini hujaa matela. Trekta linashusha mahindi, pikapu inavuta kitela cha viazi, lori na tela lake linapanda kijijini kufuata mbao. Na siku hizi dereva anayekwenda kijiji asichokijua hasimami tena njia panda kuuliza. Mwenye mzigo anamtumia lokesheni kwenye simu, anaibonyeza, sauti inaanza kumwelekeza: kata kulia, nyoosha, kata kushoto.

Mara nyingi anafika. Lakini zipo siku sauti hiyohiyo inamwingiza kwenye njia inayozidi kuwa nyembamba, kushoto ukingo, kulia korongo, mbele kidaraja cha magogo, na nyuma yake kuna tela lenye tani 5 za viazi. Mwenye gari dogo angegeuza na kurudi. Mwenye tela hawezi. Analala hapo, mzigo unaanza kuharibika, na pesa ya kukodi trekta la kumvuta inatoka kwenye faida ya mkulima.

Je, GPS ni mbovu? Hapana. Simu yako inajua ulipo kwa usahihi mkubwa sana. Isichokijua ni unachokivuta. Katika makala hii tunaeleza kwa nini iko hivyo, hatari ziko wapi, na namna ya kuitumia simu hiyohiyo ikakusaidia badala ya kukuponza.

GPS, ramani na mwelekezaji ni vitu vitatu tofauti

Watu wengi wanaposema "GPS imenipoteza" wanachanganya mambo matatu. Tuyatenganishe.

La kwanza ni GPS yenyewe. Huu ni mfumo wa setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Mfumo ulitangazwa kukamilika mwaka 1995, ukiwa na setilaiti 24, na leo zinazofanya kazi ni zaidi ya hizo. Urusi, China na nchi za Ulaya nazo zina mifumo yao, na simu nyingi za sasa husikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Kila setilaiti hutuma mawimbi yenye saa kamili na mahali ilipo. Simu ikizisikia angalau 4, inapiga hesabu ya muda ambao mawimbi yametumia kufika, kisha inapata mahali ilipo. Uwanja ukiwa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita kama 5 tu. Kwenye bonde lenye milima mirefu pande zote au chini ya miti mikubwa, makosa huongezeka.

Elewa jambo moja hapa: simu inasikiliza tu, haitumi kitu kwenda kwenye setilaiti. Kwa hiyo kujua ulipo hakuhitaji bando wala minara ya mtandao. Ni kama redio: wewe unatusikia, sisi hatukusikii.

La pili ni ramani, yaani ile michoro ya barabara unayoiona kwenye kioo. Hii haitoki kwenye setilaiti za GPS. Imetengenezwa na watu na kompyuta kutokana na picha za angani, taarifa za serikali, michango ya watumiaji na nyendo za simu zilizopita hapo. Ikikosewa, au ikichorwa miaka mingi iliyopita, simu haina njia ya kujua.

La tatu ni mwelekezaji, yaani programu inayochagua upite wapi na kukutamkia. Hapa ndipo tatizo la mwenye tela linapoanzia.

Simu inachaguaje njia?

Kwa mwelekezaji, barabara ni mstari. Mstari una urefu, una mwendo unaokadiriwa, na umeunganishwa na mistari mingine. Ukimwambia unakwenda kijiji fulani, anajumlisha muda wa kila mstari na kukupa njia yenye muda mfupi zaidi. Hilo anaweza kulifanya vizuri kuliko binadamu yeyote.

Lakini anapiga hesabu hiyo kwa chombo gani? Kwenye Google Maps, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, unachagua gari, pikipiki mahali inapopatikana, baiskeli, usafiri wa umma au miguu. Hakuna sehemu ya kujaza kwamba unavuta tela, kwamba urefu wako wote ni mita 12, au kwamba uzito wako ni tani 8. Ukichagua gari, inakuhesabu kama gari dogo. Na ukikuta simu imewekwa kwenye pikipiki, labda kwa sababu jana aliitumia kijana wa bodaboda, hali ni mbaya zaidi: itakupitisha kwenye vichochoro ambavyo hata gari dogo halipiti.

Chukua mfano. Kutoka barabara ya lami hadi kijijini kuna njia mbili. Ya kwanza ni kilomita 22, pana, inapita kwenye magulio. Ya pili ni kilomita 14, inakata mashambani na kuvuka kijito. Gari dogo wakati wa kiangazi litatumia muda mfupi kwenye ile ya pili, na simu itaichagua bila kusita. Kwa hesabu zake haijakosea. Imejibu vizuri swali ambalo wewe hukuuliza.

Mambo matano ambayo ramani haiyaoni

1. Upana na kona. Tela halifuati alama za matairi ya gari linalolivuta. Kwenye kona, magurudumu ya tela hukata ndani zaidi, na kadiri tela lilivyo refu ndivyo linavyokata zaidi. Ndiyo maana unamwona dereva wa lori refu anakwenda nje kabisa kabla ya kukunja. Kwenye kona kali ya kijijini yenye mtaro au ukingo, gari la mbele linapita salama na gurudumu la tela linaangukia mtaroni. Kwenye ramani, kona hiyo ni mkunjo mdogo tu wa mstari.

2. Madaraja na makalavati. Mstari wa barabara ukivuka mstari wa mto, ramani inaonyesha mnapita. Kwa kawaida haisemi kama hapo kuna daraja la zege, magogo mawili yaliyofunikwa udongo, au kivuko cha kupita majini. Kalavati ambalo limebeba pikapu kila siku linaweza kukatika chini ya tela lililojaa. Tela la magunia 50 yenye kilo 100 kila moja limebeba tani 5, na hapo bado hujahesabu uzito wa tela lenyewe na trekta mbele yake.

3. Mteremko. Kwa simu, kilomita moja ya mteremko mkali ni kilomita moja tu. Kwa mwenye tela, ndiyo kilomita inayoamua kama atafika nyumbani. Hili tutalieleza peke yake hapa chini.

4. Mvua. Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Udongo mwekundu uliokuwa mgumu kama saruji mwezi Septemba, mwezi Februari huteleza kama sabuni. Ramani ni ileile mwaka mzima. Na picha ya angani unayoiona huenda ilipigwa kiangazi. Vilevile, wakati wa mvua baadhi ya barabara za udongo hufungwa kwa magari mazito ili zisiharibike, na tangazo la namna hiyo linaweza kubandikwa ofisi ya kijiji au kusomwa redioni bila kufika kwenye simu yako.

5. Vilivyo juu na chini. Matawi ya miti, nyaya za umeme zilizolegea, lango la shule au la kiwanda, vyote vinamhusu mwenye tela lililopangwa mzigo juu. Na kwenye makutano ya barabara na reli, kama yale ya reli ya TAZARA inayopita katika ukanda wetu, kuna suala la urefu: usiingize gari kwenye reli mpaka uone upande wa pili kuna nafasi ya kulitosha gari pamoja na tela lake lote. Simu itakwambia tu "endelea mbele".

Mteremko: pale ambapo tela ndilo linaloendesha gari

Wanaotoka upande wa Morogoro kuja Iringa wanaujua Mlima Kitonga. Wanaoshuka nao wanaujua zaidi. Lakini Kitonga angalau ina lami, ina alama za onyo, na kila dereva anayeikaribia anajua kinachomngoja. Hatari kubwa zaidi ni vile vijiteremko visivyo na jina kwenye njia ya mkato, ambavyo simu imekupeleka bila kukuambia lolote.

Hesabu yake ni rahisi. Mteremko ukiwa unashuka mita 1 kwa kila mita 10, mzigo unasukuma kwenda chini kwa nguvu inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Tela lenye tani 5 kwenye mteremko huo linakusukuma mgongoni kwa nguvu kama ya kilo 500, na halichoki mpaka mfike chini. Trekta nyingi za ukubwa wa kati zina uzito wa tani 2 na nusu hadi 4. Maana yake kinachosukuma ni kizito kuliko kinachozuia. Na matela mengi ya mashambani hayana breki kabisa, au yanazo lakini haziungwi.

Ndiyo maana mafundi na madereva wazoefu hurudia maneno yaleyale: ingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Tumia gia uliyopandia au nzito zaidi. Usiweke nyutro hata mara moja, kwa sababu ukishaachia injini, kinachobaki ni breki peke yake, nazo zikipata joto sana hupoteza nguvu. Kwenye trekta lenye pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, zifunge pamoja kabla hujaingia barabarani. Ukikanyaga moja peke yake ukiwa kwenye mwendo na tela nyuma, trekta linaweza kugeuka ghafla na tela likalipindua.

Kumbuka pia kwamba mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza inaongezeka mara 4. Kushuka kwa kilomita 20 kwa saa na kushuka kwa kilomita 40 kwa saa ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tatizo kubwa ni kurudi nyuma

Msikilizaji, ukiyatazama mambo yote haya utaona yana mwisho mmoja. Mtu yeyote anaweza kuingia njia isiyofaa. Mwenye pikipiki anageuza hapohapo. Mwenye gari dogo anatafuta uwazi, anapiga rivasi, anarudi. Mwenye tela akikosea, kosa lake lina bei, kwa sababu kurudi nyuma na tela ni kazi nyingine.

Ukivuta kitela cha ekseli moja na ukapiga rivasi, ukikata usukani kulia, tela linaelekea kushoto. Ukichelewa kulirekebisha, linajikunja na kugonga gari. Hata hivyo, kwa mazoezi mtu anazoea. Wanaoanza hufundishwa kushika usukani kwa chini: upande unaopeleka mkono ndio upande tela linakoelekea. Lakini matela mengi ya trekta yana magurudumu 4, na ekseli ya mbele inazunguka pamoja na mkono wa kuvutia. Hapo viungio vinakuwa viwili: kimoja kwenye trekta, kingine kwenye ekseli ya mbele ya tela. Kulirudisha nyuma tela la namna hiyo mita 300 kwenye njia nyembamba yenye matope ni jambo ambalo hata madereva wa miaka mingi hulikataa.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Katika jimbo la Vermont nchini Marekani kuna barabara ya mlimani, namba 108, inayopita mahali panapoitwa Smugglers' Notch. Inapinda katikati ya miamba mikubwa, na malori marefu yamekatazwa kupita. Alama za onyo zipo. Hata hivyo madereva wanaofuata simu wameendelea kuingia na kukwama, na barabara nzima kufungwa mpaka wanasuliwe. Baadaye jimbo liliamua kuweka vizuizi vinavyoipindisha njia kabla ya kufika kwenye miamba, ili gari refu lishindwe mapema, mahali ambapo bado lina nafasi ya kugeuza.

Hilo ndilo somo la kubeba kutoka huko. Ukivuta tela, usiulize tu "njia hii inafika?" Uliza pia "ikinishinda, nitageukia wapi?" Kama huna jibu la swali la pili, usiingie.

Muda unaoonyeshwa si muda wako

Simu inaposema utafika baada ya saa moja, inazungumzia gari dogo. Safari ya kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni saa moja. Trekta linalokwenda kilomita 20 kwa saa litatumia saa 3, bila kuhesabu kusimama kukagua kamba.

Tofauti hiyo si ya uchovu tu. Ukiondoka saa 10 jioni ukiamini utafika saa 11, ukweli ni kwamba utafika saa 1 usiku. Sasa uko barabarani gizani, na tela ambalo mara nyingi halina taa za nyuma wala viakisi mwanga. Anayekuja nyuma kwa basi au pikipiki hakuoni mpaka amekufikia. Kwa hiyo chukua kilomita ambazo simu inakupa, usichukue muda. Gawanya kwa mwendo wako halisi, kisha uamue kama uondoke leo au kesho alfajiri.

Namna ya kuitumia simu vizuri

Hatusemi uizime simu. Ukiitumia kama mshauri, si kama mkubwa wako, itakuokolea mafuta na muda. Kazi kubwa ifanyike kabla hujaondoka, ukiwa mahali penye mtandao.

Itazame njia yote, usibonyeze tu kuanza. Ivute ramani kwa vidole uifuate njia kutoka mwanzo hadi mwisho. Badilisha iwe picha ya setilaiti. Angalia barabara inapovuka mto, inapopita katikati ya nyumba, na inapokuwa nyembamba hadi inaanza kupotea kwenye majani. Google Maps ina kipimo cha umbali: bonyeza sehemu kwa kidole mpaka alama itokee, kisha chagua kupima. Kwa njia hiyo unaweza kukadiria upana wa uwanja wa kugeuzia.

Tazama miinuko. Programu hiyo ina mwonekano wa kuonyesha milima na mabonde kwa mistari ya mwinuko. Mistari ikiwa mbalimbali, ardhi ni tambarare. Ikiwa imebanana, hapo ni pakali. Barabara inayoikata mistari iliyobanana moja kwa moja, bila kupindapinda, iogope.

Weka alama za kugeuzia. Ukiona uwanja wa shule, gulio, kanisa, msikiti au ghala lenye nafasi, liweke alama kwenye ramani yako. Hizo ndizo stesheni zako. Ukifika hapo, simama na uamue kama unaendelea.

Pakua ramani. Ukiipakua ramani ya wilaya kwenye simu, itafanya kazi hata pasipo na mtandao, kwa sababu kama tulivyosema, GPS yenyewe haihitaji bando. Ila picha za setilaiti hazipakuliwi pamoja nayo, ndiyo maana uziangalie nyumbani. Na uisasishe mara kwa mara.

Ilazimishe simu ifuate njia yako. Kama unajua barabara pana ni ya kupitia gulioni, ongeza gulio kuwa kituo cha kati. Simu itakupeleka huko kwanza. Na ukiwa njiani ikakuambia ukate mahali usipopaamini, pita moja kwa moja. Haitakasirika. Itapiga hesabu upya.

Usiishike ukiwa unaendesha. Mwachie utingo au mwenzako. Kama uko peke yako, iweke mahali imara usikie sauti tu. Tela linahitaji macho yako kwenye vioo vya pembeni, si kwenye kioo cha simu.

Piga simu kwa mwenyeji

Kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza na kuuliza. Ukimuuliza mtu "hii njia inapitika?" atakujibu inapitika, kwa sababu yeye hupita kwa miguu au kwa pikipiki. Hajakudanganya. Umemuuliza swali lilelile uliloiuliza simu.

Muulize hivi: Lori gani la mwisho limepita hapa, na lini? Lilikuwa na tela? Lilikuwa na mzigo au tupu? Daraja ni la zege au la magogo? Mvua imenyesha lini? Nikifika kwako kuna mahali pa kugeuzia?

Anayefaa kuulizwa ni mwenye mzigo, dereva wa lori linalofuata mazao eneo hilo, au mwenyekiti wa kitongoji. Hali ya barabara za vijijini iko mikononi mwa TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Kama kuna daraja limeondoka au njia imefungwa, ofisi hizo na ofisi ya kata ndizo za kwanza kujua.

Na wewe mkulima unayetuma lokesheni, una sehemu yako. Lokesheni inaonyesha nyumba yako ilipo. Haionyeshi pa kupita. Usitume alama peke yake. Tuma na ujumbe wa sauti: "Ukifika gulioni usikate kulia hata simu ikikuambia, nyoosha mpaka shuleni, mimi nitakuja kukupokea hapo." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa mzigo wako mwenyewe.

Zipo programu zinazojali ukubwa wa gari?

Zipo. Mojawapo ni OsmAnd, inayotumia ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote tangu mwaka 2004. Ndani yake unaweza kuchagua lori na kujaza uzito, urefu, upana na kimo, nayo itakwepa barabara zilizoandikwa kuwa haziruhusu vipimo hivyo. Inafanya kazi bila mtandao ukishapakua ramani ya Tanzania.

Lakini angalia neno hilo, "zilizoandikwa". Programu inaweza kukwepa daraja dhaifu ikiwa tu kuna mtu ameandika kwenye ramani kwamba ni dhaifu. Kwa barabara nyingi za vijijini bado hakuna aliyeandika. Kwa hiyo usichukulie ukimya wake kuwa ruhusa.

Jambo zuri ni kwamba yeyote anaweza kuchangia. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa na mitaro ili kukabiliana na mafuriko. Hata kijijini kwako, kijana mwenye simu anaweza kuonyesha kwamba daraja fulani ni la waenda kwa miguu, au kwamba njia fulani imekufa. Google Maps nayo hupokea marekebisho ya barabara kutoka kwa watumiaji.

Na ukishakwama?

Simama mapema. Ukihisi njia inakubana, usiendelee kwa matumaini kwamba mbele itapanuka. Kila mita unayoongeza ni mita utakayorudi kinyumenyume. Zima, funga breki ya mkono, weka mawe au magogo chini ya matairi ya tela na ya gari. Weka alama ya onyo mbali ya kutosha pande zote mbili za barabara. Shuka utembee mbele kwa miguu uone, ndipo uamue.

Usifungue tela kwenye mteremko ukitumaini mawe peke yake, na asisimame mtu yeyote kati ya gari na tela au upande wa chini ya mteremko. Watoto hukusanyika kutazama, waondoe kwanza. Kama mzigo ni mzito, ni nafuu kuushusha na kuuhamisha kidogo kidogo kuliko kulivuta tela lililojaa kwenye ukingo unaobomoka. Kukiwa na ajali au hatari kwa watu, namba ya dharura ya polisi ni 112, na zimamoto na uokoaji ni 114. Hapo ndipo GPS inakuwa rafiki kwelikweli: fungua ramani, msomee anayekuja kukusaidia mahali ulipo, au umtumie lokesheni.

Kwa ufupi

Kabla ya kuondoka na tela, jibu maswali haya sita:
– Simu imewekwa kwenye gari, si kwenye pikipiki?
– Nimeitazama njia nzima kwa picha ya setilaiti na kwa miinuko?
– Najua kila mto nitakaovuka una daraja la aina gani?
– Nimeongea na mtu aliyeona lori likipita hapo tangu mvua ya mwisho?
– Nikigawanya kilomita kwa mwendo wangu, nitafika kabla ya giza?
– Njia ikinishinda, nitageukia wapi?

Kama majibu yote unayo, safari njema. Kama swali la mwisho halina jibu, pita barabara ndefu unayoijua. Mafuta ya kilomita 8 za ziada ni ya bei ndogo kuliko usiku mmoja kwenye korongo.

Msikilizaji, kama kuna daraja limekatika au njia ambayo simu huwaingiza madereva wa matela kijijini kwenu, tupigie wakati wa kipindi au tutumie ujumbe. Tutaisoma hewani, na huenda dereva aliye njiani kuja huko akatusikia kabla hajafika kwenye ile kona.